Springi Mbili Kwenye Kopo la Vifungo

Lusaka

Mama yangu,

Shikamoo. Mpe na baba shikamoo yake, ila barua hii usimsomee, nitakueleza sababu. Goti lako linaendeleaje? Cherehani bado unaikalia mpaka jioni, au umeanza kusikia la mtu? Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeshaanza, nalala na soksi, na karakana yetu ya magitaa ina dirisha lisilofunga. Kazi ipo, namshukuru Mungu, ingawa kwa jinsi tulivyobaki wawili tu na bosi, mwaka huu sioni nikija nyumbani.

Juzi uliponipigia na kuniambia baba anataka gitaa lake lichukuliwe na mwalimu wa kwaya wa Unyambwa, nilijibu "sawa" kwa kuwa simu ilikuwa kwenye spika na baba alikuwa amekaa hapo hapo. Si sawa, mama. Tangu siku hiyo sina raha. Baba bila gitaa simjui, na naogopa likitoka humo ndani hatakuwa na sababu ya kuamka asubuhi.

Dada Neema ameniandikia kwamba tangu baba apate kiharusi vidole vyake bado vinapiga nyuzi, ila ule mkono wa chuma wa kutikisia sauti ndio umemshinda. Anausukuma, hauendi, anaweka gitaa chini na kugeukia ukutani. Namwelewa. Nyimbo zake zote zinaishia kwa mtikisiko ule, na kanisani hapo Mkiwa watu walikuwa wanaungoja ndipo waseme amina.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita mzee mmoja mwenye bega bovu alileta gitaa lake, bosi akaniambia nitoe springi mbili kati ya tano za mgongoni ili mkono uwe mwepesi. Nilipozishika kiganjani nikakaa chini. Nilikuwa nazijua. Mbili kama hizo zilikaa miaka kwenye kopo lako la vifungo, nami nikidhani ni za cherehani. Ni wakati ule nilipokuwa mdogo, mkono ule wa gitaa la baba ukinishinda mpaka nalia, halafu Krismasi moja ukakubali. Nikazunguka kijiji kizima nikijisifu kwamba nimepata nguvu. Baba hakusema kitu zaidi ya, "Kweli, Elia, umekuwa mwanamume." Nilipokua ukawa mzito tena, nikasingizia kutu, na kwenye kopo springi hazikuwemo. Sikujiuliza nani aliyezitoa kwenye gitaa, wala nani aliyezirudisha. Nililia mbele ya bosi wangu, mama, na sioni aibu kukuambia.

Barua hii inakuja na kifurushi. Dereva wa lori atapitia njia ya Rungwa na kukiacha kwenye kibanda cha Neema, pale anapouzia mafuta ya alizeti. Ndani kuna nyuzi nyembamba kuliko zile za zamani. Kazi hii ifanye wewe, maana mikono yako imezoea kukaza na kulegeza cherehani, na Neema tunamjua, atavunja kitu. Ngoja baba alale mchana. Legeza nyuzi zote, zivue. Fungua kifuniko cha mgongoni, chomoa springi ya pili na ya nne kwa plaizi, taratibu zisikurukie usoni. Kile kibao cha chuma kinachoshika nyuzi, pale kinapoegemea skrubu, kidondoshee mafuta ya cherehani kidogo. Funga nyuzi mpya, kisha Neema azipandishe sauti akizipima kwa simu yake. Kibao kikinyanyuka nyuma, kaza kidogo zile skrubu mbili kubwa zinazovuta springi, zote sawasawa, mpandishe sauti upya. Mtasumbuka, kwa sababu ukigusa uzi mmoja nyingine zote zinahama. Msikasirike, ndivyo lilivyo. Rudieni mpaka kibao kilale.

Mwalimu wa kwaya mwambieni kwa heshima asubiri. Nisalimie bibi, mwambie blanketi lake nimeshalinunua. Nisalimie mjomba mfuga nyuki, na mama mchungaji aliyekaa na baba zile siku za hospitali. Neema nampenda, hata kama hajui kushika bisibisi.

Springi mbili utakazochomoa usizitupe. Zirudishe kwenye kopo la vifungo. Gitaa liegemeze kwenye kiti cha baba kama lilivyokuwa, uendelee na ushonaji wako. Sikuombi useme uongo, nakuomba unyamaze tu, kama ulivyonyamaza wakati ule, maana kopo lilikuwa lako na nina hakika ulijua. Siku atakayousukuma ule mkono ukakubali, atakuita uje uone nguvu zake zimerudi. Mwache ajisifu, mama. Mwache azunguke kijiji kizima.

Mwanao,
Elia