Kahawa ya Shemeji Yangu

Mapera, Jumapili

Na eti leo kwenye sala ya jumuiya aliyesoma neno ni shemeji yangu, huyo huyo aliyelichukua shamba letu la kahawa tulipotoka tu kumzika mume wangu, kaka yake. Alisoma kwa sauti nzuri kwamba Mungu ameahidi kuwatetea wajane. Wote wakaitikia amina. Mimi nilifunga Biblia yangu.

Jioni mvua ikaanza ghafla. Kahawa yake ilikuwa bado imeanikwa uani na kwake hakukuwa na mtu. Nilisimama mlangoni nikiitazama inavyolowa, na kusema kweli nilifurahi.

Halafu nikajiambia: kama Mungu ameahidi kunitetea, basi kumwadhibu huyu si kazi yangu. Nikakimbia, nikaifunika kwa turubai huku nikilia kwa hasira.

Aliporudi alisema, “Umefanya vizuri, shemeji. Mungu atakulipa.”

“Atanilipa,” nikamjibu. “Na wewe atakulipa.”

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika, akainama kukaza turubai.

Sijamsamehe. Kwa leo nimeweza kufunika kahawa tu.