Asubuhi Niliyouliza Kitu

Mjukuu wangu Neema,

Kamwene. Huku Kilolo tu wazima, baridi tu imezidi, na shangazi yako amevuna njegere. Umeniuliza kama zamani tulikuwa na huo ugonjwa wa huzuni aliokwambia daktari. Jina hatukuwa nalo. Lakini miaka ya hamsini, nilipomzaa baba yako, nilijifungia ndani, chakula hakina ladha, usingizi siupati.

Wifi yangu Anjela akawa anakuja kila asubuhi. “Beba mtoto, twende mtoni.” Tulikwenda kimya. Tukirudi ananipikia uji, anangoja mpaka ninywe. Asubuhi moja, pale mtoni, nikajisikia nasema, “Wifi, ng'ambo kule wamepanda nini?”

Akatua mtungi, akacheka huku analia. “Leo umeuliza kitu!”

Ilikuwa ngano, na nilitamani kuiona kwa karibu. Tangu hapo nikapona taratibu. Mpaka leo najiuliza kama ni jua lililonisaidia, au kutembea, au uji, au Anjela mwenyewe.

Dawa za daktari endelea nazo. Ila mwambie mwenzako wa chumbani ukweli, mtoke pamoja asubuhi. Halafu niandikie: huko Mbeya, njiani mnaona nini?

Bibi yako anayekuwaza