Ini la Kaka Godson

Greyville,
Durban.
14 Juni, 1998.

Mpendwa mdogo wangu Atuganile,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Afrika Kusini. Hujambo, na mimba inaendeleaje? Miguu bado inavimba? Baba je, kifua chake kinamwachia apumue na hiyo baridi ya Mbeya? Sisi tunamshukuru Mungu kwamba tunaamka, ila sitakudanganya kuwa tu wazima. Tafadhali msubiri shemeji Lusajo arudi kutoka kazini, msome barua hii pamoja.

Kaka Godson anaumwa sana. Tangu Pasaka alikuwa akilalamikia ubavu wa kulia, chini ya mbavu, akasema ni mizigo anayopakia kwenye malori kule Clairwood. Nikamchua kwa mafuta, nikamkanda kwa maji ya moto. Akakonda mpaka mkanda ukatobolewa matundu mapya, kisha tumbo likaanza kujaa. Aliyetushtua ni jirani yetu Antoinette, Mkongo. Alikuja kuazima pasi, akamtazama kaka, halafu akaniita kando.

"Matilda, macho ya kaka yako iko manjano. Umupeleke hospitali leo."

Hospitali walimtoa damu, wakampiga picha ya tumbo. Daktari, mama mmoja mpole, akatuambia ni saratani ya ini, na imeshakuwa kubwa mno, haiwezi kukatwa. Kaka akamuuliza amepataje ugonjwa wa ini na hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Hata mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo. Akatueleza kwamba pombe si sababu pekee. Katika damu ya kaka wamekuta virusi vya homa ya ini, aina ya B. Kumbe mtu anaweza kuvipata akiwa mchanga kabisa, mara nyingi kutoka kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, vikakaa kwenye ini miaka na miaka bila homa wala maumivu, vikilila kidogokidogo, hadi siku moja uvimbe unaota.

Kisha akauliza kama mama yetu yu hai. Atu, nilimjibu kwamba alishafariki. Wewe ulikuwa bado unanyonya, huwezi kukumbuka. Mimi nakumbuka tumbo la mama lilivyojaa kama la mjamzito, macho yake yalivyobadilika rangi, na watu walivyosema amerogwa. Daktari alisema hawezi kumsemea mtu ambaye hakumpima, ila sisi watoto wake wote tupimwe.

Nimepimwa. Na mimi ninavyo.

Ini langu halijaota uvimbe, na daktari alinisisitizia kwamba si kila mwenye virusi hivi hupata saratani. Lakini itabidi nipigwe picha kila baada ya miezi sita, maisha yangu yote. Kiwandani Pinetown nashona huku mkono mmoja unatoroka kwenda kubonyeza ubavu. Nikichoka kidogo tu, nasema tayari uvimbe umeota. Naogopa, mdogo wangu. Sijui niandikeje vinginevyo.

Ila anayeniogopesha zaidi ni huyo aliye tumboni mwako. Nenda kapimwe wiki hii, usingoje siku yako ya kliniki. Kama unavyo, mtoto anaweza kuvipata anapozaliwa, na kwa watoto wachanga ndiko vinakong'ang'ania zaidi. Chanjo ipo. Achomwe sindano siku hiyohiyo anayozaliwa, isipite saa ishirini na nne, kisha amalizie na zile zinazofuata. Huku watoto wote hupewa. Huko kwetu nasikia bado si kawaida, kwa hiyo shemeji aanze kuulizia sasa hivi, na Mbeya ikikosekana aende Dar. Yeye naye apimwe, maana hupita kwa damu na kwa unyumba pia. Kama hana, achanjwe. Kula sahani moja hakuambukizi. Kaka alianza kujitengea kikombe chake, nikakichukua nikanywea chai mbele ya macho yake.

Anataka kurudi nyumbani. Tunahangaika kumsafirisha angali anaweza kukaa kwenye kiti. Baba mwambie wewe, taratibu. Mimi kila nikianza barua yake kalamu inagoma.

Jana nilimuuliza kaka kama ana neno kwako. Akasema, "Mtoto akiwa wa kiume, Atu asikimbilie kumwita Godson. Achanjwe kwanza, ndipo apewe jina langu."

Nisalimie shangazi Tusekile, mama mkwe wako, na wote wa hapo nyumbani. Mungu awafunike, wewe na mtoto. Utakaponijibu usihangaike na habari nyingine. Niandikie tu damu yako imesemaje.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuhofia,

Matilda