Siku Tuliyoshukuru Namba Ndogo

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifunza kwamba mtu haanzi maneno kabla ya salamu, na humu ndani sina mwingine wa kumwamkia. Nyumba imepoa. Nikirudi kazini nabisha hodi mlangoni pangu mwenyewe, kisha najikaribisha. Ungenicheka.

Kazi ya hotelini Diani nimeiacha. Sasa nawasaidia madaktari wa macho wanaotafiti jambo moja: presha ya jicho ikishuka kupita kiasi, ni mara ngapi humpofusha mtu? Nawafuata majumbani watu waliopasuliwa kwa ajili ya presha ya macho, kutoka Msambweni hadi Lunga Lunga, nawapima. Kila ninayempima nakuona wewe.

Unaikumbuka siku yako, ulipopimwa baada ya kupasuliwa jicho? Tulikuwa tumeomba sana presha ishuke, na ilipotajwa namba, ndogo kuliko tulivyothubutu kuomba, sote tulisema Alhamdulillahi. Ukapika wali wa nazi, watoto wa chuo cha Kurani wakasoma dua, wakala mpaka ukoko. Wewe ulikuwa ukipakua wali nje ya sahani huku ukicheka. "Leo naona kama niko ndani ya chandarua," ulisema. "Ni dawa tu, itapita." Tuliambiwa turudi hospitali wiki ile ile. Ukakataa: "Tumeshashukuru. Turudi tukatafute nini?" Kwako, kurudi baada ya sadaka kulikuwa kama kumtilia Mungu shaka.

Haikupita, Mama. Ukawa unasuka ukili wa mikeka kwa kupapasa, ukiniuliza miyaa ipi nyekundu na ipi kijani.

Juzi nilifika kwa bibi mmoja Mwabungo, aliyepasuliwa karibuni. Nilipompima, namba ilikuwa ndogo mno. Mwanawe akainua mikono, "Alhamdulillahi!" Uani mkaza mwana alikuwa akikuna nazi ya sadaka. Ile sauti ya mbuzi ya kukunia nazi, Mama, ilikuwa ile ile ya siku yako. Nikamuuliza bibi, "Waniona?" Akajibu, "Kwa mbali, mwanangu. Kama uko nyuma ya chandarua."

Niliwaambia nazi ingoje, twende hospitali sasa hivi. Mwana alikasirika. "Dada, mbona watuharibia shukrani yetu?" Sikuwa na maneno ya kitaalamu. Nikamsimulia habari zako tu. Akaenda kutafuta gari.

Madaktari walimuwahi. Nilipokwenda kumjulia hali alinitazama kwa muda, akasema, "Kumbe una mwanya." Nilitoka nje nikalia. Mwanya huu ni wako, na tangu uache kuona hapakuwa na mtu nyumbani wa kuutazama.

Nilitaka kukimbia nije nikueleze. Nikafika nyumbani, nikabisha hodi.

Jambo moja linanichoma. Wewe hukuhesabiwa katika utafiti wetu. Nilimwomba daktari akuingize, akasema kwa upole kwamba utafiti huu unawataka walio hai, wanaoweza kupimwa. Amesema haki. Lakini niliumia, Mama, niliumia sana.

Basi nakuahidi hivi: kila nitakapoona namba ndogo, kabla sijasema Alhamdulillahi nitauliza kwanza, "Waniona?" Na wakisema wameshashukuru, nitakaa nao mpaka wakubali kurudi.

Pumzika, Mama. Mola akuangazie huko uliko.

Mwanao Mejumaa, mwenye mwanya wako.