Nilicheza Juu ya Nondo

Jumatatu, 6 Julai 1987

Mgongo umekufa. Kokoto toka asubuhi, karai juu ya karai, shingo imeingia mabegani kama ya kobe. Na bado nacheka peke yangu! Mtu akinisikia atasema yule Kusini kapata wazimu. Hapa Bunda hakuna anayeniita Kristofa. Nikisema natoka Masasi wananiuliza, hiyo ni Msumbiji au? Basi, Kusini.

Duka la Mzee Hamduni limepita linta, ile boriti ya zege juu ya milango. Mzee ana haraka! Juzi juzi tu watu walipanga foleni ya kipande cha sabuni. Sasa kila mwenye uwezo analeta mali, na yeye keshaagiza mitumba na redio za betri wakati ukuta haujakauka. Mbele anataka kibaraza cha zege kitokeze futi tano juu ya njia, bila nguzo hata moja. Fundi Makongoro anasema Bunda nzima hakuna kama hicho. Kwao Butiama pia hakuna, anasema, na kwao kuna kila kitu.

Pelagia, mpishi wetu wa saiti, kaahidiwa kivuli. Kibaraza kikiisha atahamishia jiko lake pale chini. Sasa anatupikia juani, jasho linamdondoka puani, na hata hivyo anapendeza.

Barua yangu ya posa iko Kisorya kwa baba yake mdogo, Mzee Wenceslaus. Mshenga ni Mseti, mwenzangu wa kubeba zege. Kaondoka Ijumaa. Hajarudi.

Jumatano, 8 Julai

Tumefunga nondo za kibaraza. Makongoro kazinyanyua juu ya vijiti vya chuma, karibu na uso kabisa. Chini patupu. Nikamwuliza, fundi, mbona kwenye linta tuliziweka chini?

"Darasa la sita, funga waya."

Nikafunga waya.

Mseti bado. Kama wamemkatalia si angerudi mapema? Au kama wamemkubalia si angerudi mapema? Sijui. Nimekula nusu sahani, mimi!

Alhamisi, 9 Julai

WAMEKUBALI!

Niandike vizuri. Leo tumemwaga zege. Siku ya zege hapa si kama siku nyingine. Likianza kuchanganywa halisimami mpaka fomu ya mbao ijae, kwa hiyo mwenye nyumba anachinja mbuzi na watu wanaimba ili karai lisilale mkononi kwa mtu. Mimi nilikuwa juu, natawanya zege kwa koleo. Saa nne lori la Kisorya linasimama, Mseti anaruka chini na bahasha kichwani kama kofia. Baba mdogo kakubali! Niende na ndugu Jumapili ya tarehe 9 Agosti.

Nina ndugu gani huku? Mseti akasema, mimi mmoja. Makongoro akasema, na mimi wa pili, lakini maliza kwanza zege langu.

Nikacheza. Sindimba, kiuno chote, pale pale kibaraza kinapotokea ukutani. Walio chini wakapiga makarai kama ngoma. Pelagia kajifunika kanga usoni ila mabega yalikuwa yanatikisika. Makongoro anafoka: "Shuka juu ya nondo, wewe Kusini! Unakanyagaga nondo kama unakanyaga nyasi!" Nikaona ni wivu wa uzee. Nikacheza nyingine.

Paja zima la mbuzi nimepewa. Bwana harusi!

Jumapili, 19 Julai

Namwagilia zege asubuhi na jioni kama bustani ya mchicha. Pelagia anasema linakunywa kuliko ng'ombe wa baba yake mdogo. Chini limeegemea mirunda kumi na miwili. Fundi kasema siku ishirini na nane, ndipo ing'olewe.

Jumanne, 28 Julai

Leo nimesoma! Mtu wa darasa la sita nimesoma jambo ambalo hata mwalimu wangu hakulijua.

Kaja teknishani Boniphace toka Musoma, kupima stoo ya nyuma. Mchana amekaa nasi kwa Pelagia, anakula samaki furu na ugali wa muhogo. Nikamwuliza lile swali langu, linta chini, kibaraza juu, kwa nini? Nilijua atanifukuza. Hakunifukuza. Kasema, lete kandambili yako.

Akachora mistari ya wima ubavuni mwa soli, kama meno ya kitana. Akailaza juu ya matofali mawili, akakandamiza katikati kwa kidole. Juu mistari ikabanana, chini ikaachana. Akasema, umeona? Hiyo ni linta. Juu inaminywa, chini inavutwa. Zege ukiliminya halilalamiki. Ukilivuta linakatika kama mkate mkavu. Nondo ndiyo inayojua kuvutwa, kwa hiyo inawekwa kule kwenye mvuto.

Halafu akashika kisigino cha kandambili, akakandamiza upande wa vidole. Mistari ikageuka! Juu imeachana, chini imebanana. Kibaraza hicho, akasema. Kimeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo kinavutwa juu. Na pale kinaposhikwa, ukutani, ndipo mvuto unapozidi kupita kote.

Nikamwonyesha katikati ya unene, katikati kabisa, hakuna kilichobanana wala kuachana. Kasema kweli, hapo pametulia, hapajui kama kuna kazi. Nikamwambia huyo ni msimamizi wangu wa zamani kule Tanga. Teknishani kacheka mpaka mwiba ukamkwama, Pelagia akampiga mgongoni.

Miaka minne nabeba zege. Linta imelala pale kimya kama ng'ombe anayecheua, na kumbe ndani wanavutana na kuminyana usiku na mchana!

Jumatano, 29 Julai

Nimechora mistari kwenye kandambili za saiti nzima. Makongoro anatafuta aliyefanya hivyo. Nimepima benchi la Pelagia — Mseti kwenye ncha, mimi ukutani. Mseti kaanguka. Nimepima mwiko. Nimepima kitanda, na chaga ya tatu nimeigeuza, ufa ulikuwa chini, sasa uko juu, haulii tena! Hata mgongo wangu nimeuelewa. Nikiinama na karai, nyama za nyuma ndizo nondo zangu. Ndizo zinazolia jioni.

Pelagia anasema: "Nilikuwaga najua huna akili. Sasa nina ushahidi." Halafu akaniomba nimchoree na yeye.

Ijumaa, 31 Julai

Nilikuwa namwonyesha Mseti kibaraza. Hapa kinavutwa, nikasema, hapa ukutani zaidi, ndiyo maana nondo ziko juu.

Mseti kasema, hapo hapo ulipocheza.

Alisema akicheka.

Zilikuwa juu ya vijiti. Vyembamba kama kidole. Nami nilikanyaga nyimbo mbili nzima. Kama vilipinda, nondo zimezama chini, mbali na mvuto.

Jumatatu, 3 Agosti

Mzee Hamduni kaja na habari. Atafungua Ijumaa baada ya sala. Amekodi matarumbeta, watu sita na ngoma kubwa, na watapiga wakiwa juu ya kibaraza ili mji wote uwaone! Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mikono ilijipiga yenyewe.

Alhamisi mirunda inang'olewa. Pelagia keshafagia pale chini, kapanga mafiga matatu.

Nikisema, Makongoro ananitupa. Zege lake, jina lake. Na Jumapili ndiye ndugu yangu wa pili Kisorya. Nisiposema — watu sita na ngoma juu, Pelagia chini.

Nimejipima, jamani. Nimeshikwa upande mmoja.

Jumatano, 5 Agosti

Nimeanza na Pelagia. Nimemwambia yote, na kandambili mkononi. Nilidhani atalia. Kacheka! Kasema, yaani ulifurahi mpaka ukavunja duka la watu kwa sababu yangu? Halafu akaacha kucheka. Akauliza, mirunda ikibaki kitaanguka? Nikasema hapana. Akabeba sufuria, akaenda akaketi katikati ya mirunda, akafunga kamba ya nguo toka mrunda hadi mrunda, akaanika kanga zote. Mzee Hamduni kapita kauliza, bibie, umehamia kabla ya wakati? Kamjibu, "Shikamoo mzee. Nimeshafika. Atakayenitoa aje anitoe."

Ndipo nikaenda kwa Makongoro. Nilisema haraka, macho chini. Kisha akasema, zege langu? Nikasema, zege lako, miguu yangu. Akasema, "Nondo zangu ziko vidole viwili toka juu. Kesho utapanda na patasi, utatoboa ukutani mbele ya watu. Ukizikuta vidole viwili, Kisorya uende na Mseti wako."

Na nisipozikuta, fundi?

Jioni nilimwona chini ya kibaraza, anagonga mirunda kwa kiganja, mmoja mmoja, kama anasalimia watu msibani. Dereva wa basi kapewa ujumbe ampelekee Boniphace, Musoma.

Alhamisi, 6 Agosti

Naandikia huku juu. Nimekaa kwenye kibaraza chenyewe. Mirunda yote kumi na miwili ipo, na Pelagia yupo katikati yake, moshi wa uji unanipanda hadi puani.

Nimetoboa toka saa mbili. Watu wamejaa njiani wananitania. Mama mmoja kapaza sauti, bwana harusi, unatafuta nini, mihogo? Mseti ananijibia, anatafuta akili yake, ilidondoka humo!

Kidole kimoja, mawe. Vidole viwili, mawe. Nikamtazama Makongoro. Alikuwa anatazama barabara ya Musoma.

Vidole vitatu. Mawe.

Makongoro kapanda ngazi. Kapiga goti, kaingiza kidole chake shimoni, chote, mpaka kifundo. Kakaa hivyo. Halafu kavua kofia, kaiweka pembeni taratibu, akasema: "Kusini. Hizo nyimbo zilikuwa ndefu sana."

Kisha akasema, lete patasi. Sasa anagonga yeye. Chini Pelagia anauliza, mmezipata? Makongoro kamjibu, "Mwanangu, kaa hapo hapo. Usiinuke." Kamwita mwanangu! Mpaka sasa sijui kama hiyo ni safari ya Jumapili au ni mwisho wangu.

Vidole vinne. Patasi bado inatoa vumbi, hailii chuma.

Mzee Hamduni anakuja, kanzu kaikunja mkononi, anauliza nani kaharibu kibaraza chake. Nyuma yake ni wale wa matarumbeta. Wamekuja siku moja kabla, kufanya mazoezi. Mmoja kashaanza kupuliza, na mwenye ngoma kubwa kadakia, taratibu, halafu kasi, ile ile ya kiuno.

Miguu inanicheza. Nimeikalia.