Matembele ya Barazani kwa Jirani

Jumanne, jioni

Mimi si mwizi. Nani duniani anapanda matembele ayaangalie tu?

Yalikuwa yamefurika kwenye chungu barazani kwa yule mama mzee wa Kizungu, jirani yetu. Nikajua yamemshinda kula. Nikayachuma, nikayapika kwa karanga. Nyumba ikanukia jiko la mama yangu, hata nikahisi umande wa matuta miguuni. Nilikuwa nimeshafika mbali kwa mawazo, mjukuu wangu Neema akaingia kutoka shule.

"Bibi! Yale ni maua yake! Ameyaweka kwa urembo!"

"Urembo? Umeona wapi mboga ikawa urembo? Kaa ule."

Lakini moyo ulinishuka. Hapa Louisville, Marekani, ukiacha watu wa kanisani, ni yeye tu anayeniita kwa jina langu.

Afadhali marando, yale mashina ya kupandia, sikuyatupa. Mama hakutulea hivyo. Nikayafunga kwa uzi, nikabeba na bakuli la mboga, nikamkokota Neema aniongelee Kiingereza.

Yule mama akatazama chungu chake kitupu. Akanitazama mimi. Akachukua bakuli, akala amesimama pale mlangoni, akamaliza.

"Anasema umwonyeshe kuyapanda," Neema akaniambia.

Tukapiga magoti nyuma ya nyumba yake, vikongwe wawili. Udongo wake ulikuwa wa moto, unanukia kama wa kwetu. Nikasahau niko wapi.

Kumbe yeye anachomeka marando kichwa chini! Nikamgombeza kwa Kiswahili.

Akayageuza.