Jino la Zuhura lililorushwa batini

Alhamisi. Asubuhi mvua, mchana jua kali, na mimi moyo mweupe kabisa.

Shajara yangu, nimerudi kutoka Korogwe na Zuhura, nimekaa jikoni nacheka peke yangu. Ngoja nianzie mwanzo, maana wengine wanaosoma hapa hawajui habari yenyewe.

Zuhura ni mwanangu wa kwanza, ana miaka minane. Mwaka jana, hapa kwetu Handeni, alikuwa anapampu maji kisimani, mkono wa pampu ukamponyoka ukamrukia mdomoni. Jino la mbele likang'oka zima. Alirudi mbio, damu kifuani, jino kiganjani.

Mama mkwe wangu akamfuta machozi, akalichukua jino, akalirusha juu ya bati ili aote jingine zuri, kama tulivyorushiwa sisi sote utotoni. Tukapiga makofi. Tukajua yamekwisha.

Ndipo akaingia nesi, jirani yetu, kuuangalia ule mdomo.

"Jino liko wapi?"

"Batini," mama mkwe akajibu, tena kwa fahari.

"Shikamoo mama, lakini huyu meno ya utoto ya mbele ameshayamaliza. Hilo ndilo la kuzeekea nalo! Halioti jingine."

Jamani, sote mbio nje!

Bati letu limelala mteremko, na chini yake tulikuwa tumeanika mahindi kwenye turubai. Jino lilikuwa limeteleza likaingia mle. Sote magotini.

"Hili hapa!"

"Hiyo punje, mama."

"Na hili?"

"Punje nayo."

Mwishowe mama mkwe mwenyewe ndiye aliyelipata. "Mahindi yangu hayana mkia," akasema. Mkia ndio mzizi. Akataka kulisugua kwa chumvi, nesi akapiga kelele: asiguse mzizi, ashike kichwa tu, tulitie kwenye maziwa mabichi, twende Korogwe kwa daktari wa meno sasa hivi. Bahati yale ya yule mama wa Kimasai anayetupitishia asubuhi yalikuwa bado hayajachemshwa. Nikapakata kikombe chenye mfuniko njia nzima kama nimebeba kifaranga.

Daktari akalirudisha jino mahali pake, akalifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani. Nikadhani tumeshinda.

Hatukushinda. Baadaye fizi ikavimba. Daktari akasema jino limekufa kwa ndani, na mzizi ulikuwa bado haujamaliza kukua: kuta nyembamba kama ganda la yai, ncha iko wazi. Akiliziba tu hivyo, siku moja litavunjika. Lakini kuna njia ya kujaribu kuufanya mzizi uendelee kukua.

Nilivyoisikia hiyo njia nilitaka kumbeba mwanangu nikimbie. Kwanza alisafisha ndani ya jino akaweka dawa. Tuliporudi kwake baada ya wiki chache, akamchoma ganzi, akachokoa kwa sindano hadi kupita ncha ya mzizi, makusudi, ili damu ipande ijae ndani ya jino.

"Daktari, unamtoa mtoto damu kwa makusudi?"

"Ndiyo, mama Zuhura. Damu ikiganda mle ndani inakuwa kama kitalu. Mwili wenyewe ndio utakaootesha. Mimi nafunika tu juu uchafu usiingie."

Mimi mkulima, kitalu nakijua. Nikajua pia kwamba si kila mbegu inaota. Tangu siku ile, kila nikimpigisha mswaki nilikuwa nalitazama lile jino naogopa kuuliza.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kulipiga jino picha ya eksirei. Daktari alishaniambia: mzizi ukiwa umekua, jino linabaki. Ukiwa unaliwa na mwili wenyewe, siku moja jino litatoka.

Akaziweka picha mbili pamoja, ya zamani na ya leo, akazisogelea. Nilisahau hata dua niliyokuwa nasoma.

"Mzizi umekua."

Nikaona mwenyewe. Ya zamani ncha imeachama kama faneli. Ya leo kuta zimenenepa, ncha imeanza kujifunga. Ndani ya mdomo wa mwanangu, bila mimi kusikia chochote, kitu kilikuwa kinajenga.

Nililia. Zuhura akaniona, akaona aibu kwa niaba yangu, akamgeukia daktari na la kwake.

"Muwa je?"

"Muwa hapana."

"Kashata?"

"Kwa meno ya nyuma. Na polepole."

"Basi afadhali," akasema, kama mtu mzima aliyemaliza kupatana bei.

Daktari hakunidanganya. Alisema jino lililowahi kung'oka linaweza kubadilika wakati wowote, kwa hiyo tutarudi tena na tena hadi awe msichana mkubwa. Nimekubali.

Tulipofika nyumbani, mama mkwe aliitazama picha niliyoipiga kwa simu, akaigeuza, akaigeuza tena. "Mbona mie naona mihogo mitupu?" Kisha akamshika Zuhura kidevu, akamfumbua mdomo, akalitazama lile jino kwa muda. Alikwenda kumkamata kuku.

Hofu ya safari ijayo nitaipokea ikija na safari yake. Leo mwanangu ana jino lake mwenyewe, linakua, na mimi naenda kuinjika wali.